Mjadala: Sinema za dhihaka zimekufa zenyewe au zimeuawa?

Mleta mada, Kirumba, Mwanza
Wakuu, heshima kwenu. Nazungumzia zile sinema zinazochukua sinema nyingine, ya kutisha, ya vita au ya kipelelezi, na kuifanyia mzaha mwanzo mwisho. Airplane! ya 1980, The Naked Gun ya 1988, Scary Movie ya 2000. Siku hizi zimeadimika, na watu wanatupia lawama watazamaji, eti simu imetuharibu. Mimi nasema waliozitengeneza ndio waliozizika.

Airplane! ilichukua hadithi ya sinema iliyokuwa siriasi kabisa, Zero Hour! ya 1957: chakula cha ndegeni kimewalaza marubani, na abiria mmoja aliyekuwa rubani wa vita, mwoga wa kurudi angani, ndiye inabidi aitue ndege. Hata jina la shujaa wamebadilisha herufi moja tu, Stryker akawa Striker. Halafu wakaacha wachekeshaji, wakaita watu waliozoeleka kwenye sinema nzito: Leslie Nielsen, Lloyd Bridges, Robert Stack. Nielsen anamwaga upuuzi kwa uso wa daktari anayekusomea majibu ya vipimo. Ilitengenezwa kwa dola kama milioni 3.5, na Marekani ikaingiza zaidi ya milioni 80.

Sasa njoo 2008. Waandaaji wawili wengine wakatoa Meet the Spartans na Disaster Movie ndani ya mwaka mmoja. Mtu kavaa kama Iron Man, anapita, anapata ajali, imeisha hiyo. Utani uko wapi? Wanakuonyesha kitu unachokijua wakitegemea ucheke kwa sababu umekitambua. Na Iron Man yenyewe ilikuwa na miezi michache tu tangu itoke, mabanda yetu mengi ya video yalikuwa hayajaiona.

Igoma
Mkuu umejenga hoja vizuri ila unawaonea. Zamani kila aliyekulia Mabatini au Igogo alikuwa ameona Rambo, Commando na sinema za Van Damme, tena zaidi ya mara moja, maana banda lilikuwa na kanda zake zilezile. Ikija Hot Shots! Part Deux hata aliyechungulia dirishani bila kulipa anaelewa nani anadhihakiwa. Leo mimi niko kwenye za Kikorea, mdogo wangu za Kituruki, shemeji anafuata tamthilia za Kihindi. Utamdhihaki nani tucheke wote?

Kitangiri
Scary Movie nayo msiisifu sana. Scream ya 1996, ile ya kutisha wanayoidhihaki humo, ilikuwa tayari inajicheka yenyewe. Kudhihaki kitu kinachojidhihaki ni kazi rahisi.

Mleta mada
Rahisi kwako. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 270 duniani.

Kitangiri
Pesa si hoja, kaka.

Dada wa Mkuyuni
Kaka zangu, mnahesabu dola za Wamarekani mnamsahau mkalimani wa banda. Lufufu na wenzake walikuwa wanafanya nini? Sinema inakuja ya Kichina, watu wanakatana mapanga, na jamaa anaingiza Kiswahili juu yake. Kuna mmoja huku kwetu, adui mkuu alimpa kijiji kabisa, akamtoa Sengerema, akasema hasira zote zile ni za kukatiwa nyavu. Picha inabaki na uzito wake, maneno yanaivua nguo. Waigizaji hawacheki kwa sababu hawajui kama wanachekwa! Hiyo ndiyo dhihaka, na wala haikuhitaji kamera. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba imekufa. Ze Comedy walikaa kwenye meza ya taarifa ya habari na suti zao, na hapahapa Mwanza Star TV ilikuwa na vichekesho vya Futuhi.

Igoma
Dada, hivyo ni vipande vya dakika chache. Mada ni sinema nzima.

Dada wa Mkuyuni
Sawa, basi nikupe sinema nzima. Bongo Movie. Gari linaingia getini, mlinzi anafungua, gari linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, muziki wa huzuni unalia dakika nne na hakuna aliyekufa. Daktari anatoka chumbani: "Tumejitahidi." Mama mkwe kakaa kwenye sofa lenye nailoni. Ikifika utamu, sehemu ya pili inauzwa kivyake. Haya yote tumeyaona, Igoma na Kirumba, wa Kikorea na wa Kituruki. Mnasema hakuna cha kudhihaki?

Mleta mada
Hapo nakubali kwa sharti moja: wasipewe wachekeshaji. Ukimweka mchekeshaji atavaa suruali mpaka kifuani, atalegeza mdomo, kwisha kazi. Aitwe mwigizaji yuleyule anayelia kwenye hizo sinema, alie vilevile, ila wakati analia yule daktari awe anajaribu kumuuzia kiwanja Kisesa. Hollywood wenyewe wamerudia njia hiyo: The Naked Gun mpya ya 2025 wamempa Liam Neeson, mtu wa kuvunja watu shingo.

Kitangiri
Na huyo mwigizaji wetu atakubali? Wengine ukiwatania kidogo tu mtandaoni wanakutishia polisi.

Dada wa Mkuyuni
Mlipe kwanza, script mpe baadaye. Akiisoma ataona ni ileile anayoigizaga siku zote.