Ukoo wa Mzee Sajenti 🇹🇿

Da Bhoke 18:04
Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Hii wiki ya pili tangu tumzike Baba na wale wanajeshi hatujawapa hata asante. Turubai lao, lori lao, maji walileta na boza, kaburi wamechimba wao huku vijana wetu wamekaa na simu. Jumamosi twende kambini. Nataka majina humu leo.

Da Bhoke 18:31
Naona watu 11 wameshasoma. Kimya.

Chacha Dar 18:40
Dada niko kazini. Chochote mtakachoamua nipo.

Da Bhoke 18:41
"Nipo" hainunui mbuzi. Weka elfu hamsini.

Mama Robi 18:47
Mbuzi tena? Wale jeshini wanakula kuliko sisi 😂 wapelekeeni sato.

Nyangi 18:48
Sato wa kukaanga au wa kuchoma? 😋

Chacha Dar 18:48
Kichwa nitumieni na basi.

Da Bhoke 18:55
Jamani! Barua kwa mkuu wa kikosi aandike Mwalimu. Lile tarumbeta lisisahaulike. Mimi kanisani nilijikaza, pale kaburini lilipolia ndipo nilipokwisha.

Mwl. Wambura 19:20
Nitaandika. Nahitaji namba ya jeshi ya Mzee. Pia, vita vya Kagera, Kampala inatekwa 11 Aprili 1979 alikuwepo, au ule mguu ulimbakiza Lukaya?

Mama Robi 19:22
Lukaya. Kampala aliisikia redioni akiwa wodini, alikuwa anasema mwenyewe.

Mwl. Wambura 19:23
Sawa. Namba itakuwa kwenye cheti cha nishani ya Kagera. Nani anacho?

Da Bhoke 19:23
Muulize Chacha.

Chacha Dar 19:25
Tumeanza.

Da Bhoke 19:29
Kapteni wa watu kaja na kimto chekundu mkononi, ananiuliza nishani ya marehemu iko wapi aiweke juu ya jeneza. Nikamwambia iko njiani. Njiani kutoka wapi, Chacha? Tangu 2014 uliposema unaipeleka Dar ikasafishwe!

Chacha Dar 19:33
Nimeeleza mara ngapi habari ya kuhama nyumba? Na kama ni kudaiana, tuanzie ng'ombe wa Kiabakari.

Mama Robi 19:33
Kiabakari hiyooo 🙆🏾‍♀️

Nyangi 19:34
Kwani na wale ng'ombe walipigana Lukaya 😂😂

Da Bhoke 19:34
Nyangi nitakutoa humu.

Baba Mdogo 20:15
Nimesomewa yote na mjukuu. Wanajeshi wa kambini walitumwa, na kazi waliifanya vizuri, waandikieni. Lakini yule mzee wa koti la kaki aliyetoka Kyaka kwa basi hakutumwa na mtu. Ndiye aliyembeba kaka yangu mgongoni kule Lukaya. Amekaa chini ya mwembe siku mbili, amelala kwenye kiti cha plastiki. Nani alimuuliza kama amekula? Mimi nilikuwa naumwa ndani, nimeambiwa juzi. Mbuzi wa kwanza ni wake. Nimemaliza.

Mama Robi 20:52
Mimi nilijua ni wa upande wa Mama.

Mwl. Wambura 20:58
Mimi nilidhani mchungaji mstaafu.

Da Bhoke 21:10
Tumesikia Baba Mdogo. Utusamehe. Nani ana namba yake?

Nyangi 21:12
Nilimchajia simu, kitochi kile. Namba sikuchukua.

Chacha Dar 21:15
Wanajeshi wastaafu wana umoja wao, Bukoba hawatakosa kumjua. Nauli ya Kyaka juu yangu.

Da Bhoke 21:16
Itume leo kwenye simu yangu, siyo "juu yangu". Na Musoma mpaka Kyaka siyo safari ya kwenda na kurudi Jumamosi. Mwalimu, barua lini?

Mwl. Wambura 21:20
Nikipata namba ya jeshi.

Chacha Dar 21:21
Naitafuta.

Anko Mwanza 22:47
Bando liliisha, samahanini. Kwa hiyo Jumamosi ni kambini au Kyaka?

Da Bhoke 22:50
Kambini waende watatu. Kyaka nitasema kesho nikishaongea na Baba Mdogo. Waliochanga mpaka sasa: mimi.