Mrejesho: gari kugoma kuwaka kila nikijaza petroli

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini gari langu linasumbua kuwaka kila nikitoka kujaza petroli, taa ya injini inawaka na mashine ya kupima inasoma kodi ya hitilafu P0496 (mvuke wa petroli unaingia injini kupita kiasi). Wengi mlisema pampu ya petroli. Aliyetaja valvu ya mvuke wa petroli (inayoruhusu mvuke wa tenki kuingia injini) ndiye aliyepatia. Fundi alichomoa waya wa valvu hiyo injini ikinguruma, akachomoa na paipu inayotoka kwenye kanista ya mkaa (kopo linalohifadhi mvuke wa tenki), akaniambia niweke kidole kwenye tundu la valvu. Kinanyonywa! Valvu hiyo ikikosa umeme inatakiwa ifunge kabisa. Yangu ilikuwa imeganda wazi, mvuke unaingia injini muda wote, na ukishajaza tenki unazidi hadi injini inagoma kuwaka. Tumefunga mpya, kodi ya hitilafu imefutwa kwenye mashine, nimejaza tenki, limewaka palepale. Kabla hujanunua pampu, chomoa valvu hiyo uipulize: ikipitisha hewa, imekufa.