Kigoma: jeki za pembeni si za kunyanyulia tela! Nimelipia kiwanja cha msimu nikapewa kifusi, sasa chesisi imepinda

Wakuu, tangu Jumapili najaribu kutulia nimeshindwa. Acha niseme.

Nina tela la kulala. Kwa ambao hawajaliona, ni tela la ekseli moja. Likiwa njiani ni sanduku fupi tu, linakufika kifuani. Ukifika unazungusha winchi, paa linapanda juu ya nguzo nne, kuta za turubai zinanyooka, halafu unavuta vitanda viwili vitoke nje, kimoja mbele kimoja nyuma. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa anamaliza mkataba wake wa kazi Kasulu, nikamlipa kidogo kidogo mwaka mzima na miezi miwili. Hilo ndilo linalonisomeshea watoto. Gombe hakuna barabara, huendi ila kwa boti, kwa hiyo wageni wengi wanalala Kigoma usiku mmoja kabla ya kwenda kupanda boti Kibirizi, na mwingine wakirudi. Mimi nawalaza hao, kuanzia mvua zinapoisha mpaka zinaporudi mwezi wa kumi.

Mwaka huu nikakodi kiwanja cha msimu kwenye kambi moja ya ziwani, kusini mwa mji. Laki tisa kwa miezi sita, nimelipa zote mwezi wa nne. Karatasi ninayo, imeandikwa kwa mkono wa mwenye kambi: "kiwanja kilichosawazishwa na kushindiliwa". Nimeisoma mara nyingi wiki hii mpaka nimeikariri.

Kilichokuwepo ni hiki. Zamani kambi ile ilikuwa na mchanga tambarare chini kabisa, karibu na maji. Ziwa likapanda. Sote tunakumbuka 2021, tukakumbuka tena 2024, jinsi maji yalivyokula fukwe. Ziwa Tanganyika lote hilo lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likishapanda halishuki kesho wala keshokutwa. Mwenye kambi akahamia mlimani, na hapo simlaumu, ningekuwa mimi ningehama pia. Akachonga mteremko. Udongo aliochonga upande wa juu akaumwaga upande wa chini, ukasambazwa kwa jembe na reki, basi. Hakuna rola iliyopita pale, hata kishindilio cha mkono hakikupita. Tela langu likawa na gurudumu moja juu ya ardhi ngumu na jingine juu ya udongo uliomwagwa juzi. Ukiukanyaga kwa kisigino unaingia. Nilimwambia siku ile ile. Akasema, "Mdogo wangu, mvua mbili tatu utakaa wenyewe." Kukaa ulikaa. Ulikaa na tela langu juu yake.

Hata hivyo nilipanga kwa uangalifu, na nataka nieleze nilivyopanga kwa sababu sasa naambiwa kosa ni langu. Tela likiwa bado limefungwa kwenye gari nikaweka pima maji sakafuni, kulia na kushoto. Upande wa ziwani ulikuwa chini. Nikatandika mbao mbili za mninga, pana kuliko tairi, nikalivuta tela taratibu mpaka gurudumu la chini likapanda juu yake na lile tone la hewa likasimama katikati. Ndipo nikaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili, nikazigonga kwa nyundo. Baada ya hapo tu ndipo nikalifungua kutoka kwenye gari. Kisha mbele na nyuma, nikasawazisha kwa jeki ya shingo, ile iliyo pale tela linapofungwa. Mwisho kabisa, narudia, mwisho kabisa, nikateremsha jeki nne za pembeni, kila moja ikakanyaga kipande chake cha ubao. Ikigusa ubao unaongeza robo mzunguko, unaacha. Jeki hizo kazi yake ni kuzuia tela lisiyumbe mtu akitembea ndani au upepo wa kiangazi ukianza kusukuma kutoka kusini. Uzito unabebwa na magurudumu na ile jeki ya shingo. Baada ya hayo yote ndipo nikapandisha paa.

Siku ya kuondoka kwenda Kasulu, mama alikuwa anaumwa, nikamwachia mlinzi wa kambi maagizo. Nilimwambia mbele ya mwenye kambi: kijana wangu, ukiona tela limeinama, nipigie simu, usiguse jeki. Akaitikia. Namba yangu anayo.

Siku ya pili usiku mvua kubwa ikapiga, zile za mwisho mwisho. Ndani kulikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe. Asubuhi wakaona vikombe vinateleza mezani na friji haipoi. Friji yenyewe ni ya gesi, haina mota. Inapooza kwa amonia inayozunguka yenyewe kwenye mabomba, na tela likiinama mzunguko unakwama, ukiiacha hivyo muda mrefu inakufa moja kwa moja. Samaki wao wakaoza. Wakamwita mlinzi. Simu kwangu haikupigwa. Wakaja vijana wawili na spana ya magurudumu, wakazishika zile jeki mbili za pembeni upande wa ziwani, wakazungusha. Wakazungusha mpaka tairi likaacha kugusa ubao.

Tela zima, vitanda, mitungi ya gesi na watu wawili ndani, upande ule umebebwa na vyuma viwili vyembamba visivyotengenezwa kubeba.

Niliporudi Jumamosi jioni mlinzi akanipokea kwa furaha. "Bosi, lililala upande, tumekunyooshea." Nikainama kuangalia. Jeki ya nyuma upande wa ziwani ilikuwa imesukuma ubao wangu ukazama wote, kwa hiyo walichomeka nusu ya bloku juu yake, ile yenye matundu, na bloku yenyewe ilishapasuka, vipande vimetawanyika kwenye tope jekundu. Mguu wa jeki umepinda kama kiwiko. Pale ulipoungwa kwenye chesisi, rangi imebanduka na chuma kimekunjamana. Nikaenda mlangoni. Juu, kati ya mlango na fremu, kidole changu cha shahada kiliingia chote. Chini mlango unakwaruza, haufungi mpaka uupige bega. Nilipoiweka pima maji sakafuni karibu na mlango ikasema sawa. Nikaipeleka upande wa kitanda cha nyuma, ikasema tumeinama. Sakafu moja, majibu mawili. Hapo nikajua chesisi imejisokota.

Wanasema "lilikuwa sawa". Mtaniambia lilikuwa sawa wapi?

Jumapili asubuhi, wageni wameshaondoka (na fedha yao nimewarudishia yote), nikataka kufanya kile ambacho mlinzi angenipigia simu ningemweleza: kuingiza vitanda, kushusha paa, kuzilegeza jeki za pembeni, kulifunga tela kwenye gari, kulisogeza, kuongeza ubao chini ya gurudumu lililozama, na kuanza upya. Kazi ya saa moja na nusu. Kitanda cha nyuma kikagoma katikati. Nikakisukuma na mke wangu kikaingia kwa kelele. Winchi ikawa nzito kuliko siku zote, nguzo zinasuguana kwa sababu hazijasimama tena wima zote nne. Nilisikia waya ukilia ndani ya bomba lake, mlio mwembamba. Nikasimama nikamwambia binti yangu, ana miaka tisa, alikuwa ananikunjia turubai kwenye kona, aje upande wangu. Akaja. Nilipogusa tena mpini waya wa ile nguzo ya nyuma ukakatika, na kona ya paa ikashuka yote kwa mshindo pale pale alipokuwa amesimama.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nasikia ule mshindo.

Nikamfuata mwenye kambi. Nimemsalimia vizuri, shikamoo mzee, marahaba, tukakaa. Nikamwonyesha picha. Jibu lake la kwanza: "Hilo tela lako ni la Kizungu, ardhi ya huku haliiwezi." La pili: vijana walikuwa wanasaidia, sasa msaada umekuwa kosa? La tatu: fedha ya msimu hairudi.

Mzee wangu, kama unasoma au kuna mtoto wako anasoma, naomba nikujibu hapa. Ardhi ya huku haina ubaya wowote. Lori la mawese linaegesha kwenye udongo huo huo mwaka mzima kwa sababu limewekwa palipo pagumu. Ulichofanya ni kuuza udongo uliomwagwa kwa bei ya kiwanja, na ukaandika kwa mkono wako kwamba umeshindiliwa. Kushindilia maana yake unamwaga tabaka jembamba, unamwagia maji kiasi, unalipiga, ndipo unaweka tabaka jingine. Ulimwaga kimo cha mtu kwa siku moja. Na vijana wako siwachukii, yule mlinzi ni mtu mwema na alidhani ananiokoa. Ila wewe ulikuwepo nilipotoa agizo la jeki, na ulikuwepo walipokuja kuchukua spana kwenye gari lako.

Na ninyi wengine mliofungua kambi za msimu kuanzia Ujiji mpaka Katonga, mnaopokea watu wenye matela na magari ya hema: tela la mgeni likiinama usiku, watoe watu ndani, waondoeni kabisa, halafu mpigieni mwenyewe. Kuinama vidole vitatu hakuui tela. Linaweza kukaa hivyo wiki nzima. Mkilinyanyua kwa kona ndiyo mnaliua. Wekeni mbao nene hapo kambini, hata za mkaratusi, kabari za kutosha, na jeki moja ya gari inayofanya kazi. Mfuko wenu hautaumia. Tafadhali acheni kutumia bloku za matundu. Zinapasuka bila kukuonya.

Ninachodai ni hiki: nirudishiwe fedha ya miezi mitano iliyobaki, maana kwenye kile kifusi silirudishi tela, na kambi ilipe nusu ya kunyoosha chesisi na nguzo. Sijadai fedha ya wageni, sijadai samaki, sijadai siku ninazokaa bila kazi. Nimempa mzee mpaka Ijumaa. Akikataa naipeleka ile karatasi yake baraza la kata, na mashahidi ninao, maana wale wageni wameniandikia walichokiona.

Wakati huo huo naomba msaada wenu. Nahitaji fundi wa chesisi anayejua kunyoosha bila kukata na kuchomelea ovyo, awe Kigoma mjini, Kasulu, hata Tabora nitalivuta. Nahitaji pia waya wa winchi wa chuma kisichoshika kutu, nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa, unene wa penseli ya mtoto haufai, ni mnene mno kwa kapi zangu. Na kama kuna mwenye uwanja mgumu wa kulaza tela moja karibu na Kibirizi, usio wa kumwagwa, naweza kuja kuukagua kesho asubuhi na pima maji yangu.