5W-30, 10W-40 au 20W-50? Gari inakula oili na sailensa haishuki

Kibada Juu: Wakuu, naombeni mawazo. Nina kagari ka Toyota ka cc 1500, VVT-i (inayobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu), kilomita zimevuka 190,000. Asubuhi nikiwasha mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda mpaka 1,500. Sawa, injini ya baridi. Ila hata nikishavuka daraja na kuingia Kurasini, kwenye foleni, bila kukanyaga mafuta, sailensa bado iko 1,100. Oili nayo inapungua na chini hakuna tone. Fundi anasema niachane na 5W-30, niweke 20W-50, yote yataisha. Jirani anasema 10W-40. Nimsikilize nani?

Dagaa Kamba: Naweka kambi hapa, yangu ina tabia hizo hizo.

Mzee wa Keko: 20W-50, usihangaike. Hiyo 5W wamewatengenezea watu wa barafu. Dar hata Julai alfajiri ni nyuzi 19, 20 hivi. Oili nzito inajaza penye nafasi iliyolika, moshi unapungua, na mfuko hauumii.

Spana Kumi: Shikamoo mzee. La barafu sikubishii: namba yenye W ni uzito wa oili kwenye baridi, ya pili ni kwenye moto, na kwa vipimo vya SAE (wahandisi wa magari), 5W hupimwa kwenye nyuzi −30 na 20W kwenye −15, sisi huko hatufiki. Ila usidhani Dar zinalingana. Hata kwenye nyuzi 40, 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Alfajiri inachelewa kupanda juu kwenye kemshafti, na VVT-i inaendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo, inayopita kwenye vitundu vidogo na kichujio cha wavu.

Kibada, 1,500 ya asubuhi ni halali. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi, oili nzito inaikaba injini, na masega ya ekzosi (ya kusafisha moshi) yanatakiwa yapate moto haraka ndipo yafanye kazi. Kompyuta inaongeza hewa na mafuta kwa makusudi. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, mshale ushuke kwenye 700 hivi, juu kidogo ukiwasha AC. Yako haishuki, na tatizo hilo oili haiwezi kukutibia. Themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo au waling'oa?

Kibada Juu: Nilinunua mkononi mwa mtu. Leo tumefungua, nyumba yake tupu! Kumbe ndiyo maana sindano ya joto hailali katikati.

Spana Kumi: Ugonjwa wa mji huu. Gari ikichemsha mara moja tu, themostati inatupwa, feni na rejeta iliyoziba vinaachwa. Hicho kidude hufunguka karibu na nyuzi 82. Kikitolewa, maji yanazunguka muda wote na injini inachelewa sana kupata moto. Kompyuta inaona bado asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Ile isiyoungua inaosha kuta za silinda, inapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, ringi zinalika. Ukiweka 20W-50 hapo unafunika tu.

Mama Wawili, Mbezi: Kaka Spana, yangu asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu basi. Natumia 10W-40.

Spana Kumi: Dada, wa kuwashia tu kisha unakata, mara nyingi ni sili za valvu: oili inachuruzika usiku. Moshi ukitoka ukikanyaga kupanda mlima, shuku ringi. 10W-40 si mbaya kwako kama kitabu cha gari kinairuhusu. Ila fungua kwanza valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini uchomwe), uitikise. Isipolia kacha-kacha, imekwama. Ikikwama wazi inavuta mvuke wa oili kwenye manifoldi na kupandisha sailensa, magonjwa mawili kwa kidude cha bei ndogo.

Mzee wa Keko: Marahaba. Themostati nakubali. Lakini injini za Toyota 1ZZ za mwanzoni, zile zenye vitundu vidogo vya kurudishia oili kwenye pistoni, hata uzimwagie grisi hazishibi. Huko niachieni 20W-50 yangu.

Spana Kumi: Hizo nakuachia mzee, mpaka siku ya kufungua injini.

Dagaa Kamba: Kwa hiyo Kibada abaki na 5W-30?

Spana Kumi: Abaki nayo, ila amwage hiyo ya sasa, ina petroli. Akishafunga themostati apime dipstiki kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa sehemu tambarare. Ikipungua kidogo, ajaribu 10W-40. Ikifika lita moja kwa kilomita 1,000, namba za oili hazina msaada tena, apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Na foleni ya Mandela Road haihesabiwi kwenye kilomita, asingoje 10,000 kumwaga, 5,000 inatosha.

Kibada Juu: Themostati naweza kupata Gerezani?

Spana Kumi: Zimejaa. Angalia 82 iliyogongwa kwenye bati, na kale ka-pini ka kutolea hewa ukafunge kakiwa mahali kitabu kinaposema. Rejeta nayo uisafishe kabisa, la sivyo fundi ataing'oa tena.