Naombeni ushauri: ua hili la bluu ni la asili ya huku au la Ulaya?

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa wanaojua mimea. Niko Boise, Idaho (Marekani), kwenye vile vilima vikavu vya nyasi kuna ua la bluu, petali tano, shina jembamba kama waya, asubuhi limechanua vizuri ikifika mchana petali zishadondoka zote, na kila mwaka linachipua palepale. Apu ya simu mara inasema Linum lewisii (kitani pori) ya huku huku, mara Linum perenne ya Ulaya, inanichanganya tu. Nimesoma ya huku vile vijiuzi vya kike vya katikati ya ua vinazidi stameni (vile vya kiume vyenye chavua) kwa urefu kwenye mimea yote, ya Ulaya mingine ni virefu mingine vifupi, na niliyoikagua yote ni virefu. Sasa nikague mimea mingapi ndo niwe na uhakika? Na kama mbegu zilimwagwa na watu baada ya moto wa nyika, kuna namna ya kujua?