Ushauri wakuu: pikipiki ya Waratah ya zamani, nichukue au niachane nayo?

Mgosi_Sydney: Wakuu heshima zenu. Huku Sydney kuna babu wa Kizungu anahama anauza vitu vya gereji yake, kuna pikipiki tenki limeandikwa Waratah, anasema ni ya 1908. Haina giaboksi, tairi la nyuma linavutwa na mkanda. Nasikia zilizotengenezwa Australia zikiwa adimu zinalipa sana. Ni orijino hii? Usingizi sipati.

Spana17: Weka picha ya injini mkuu, tenki hata mimi naandika.

Mama Wawili: Kaka, huko kote umekosa Toyota? Mume wangu alinunua Honda mbovu "ya kutengeneza wikiendi", saa hizi kuku wanatagia kwenye siti.

Mgosi_Sydney: Picha inagoma kupanda. Injini imeandikwa Villiers.

Spana17: Kama ni ile ya kuchanganya oili na petroli, cc 269, ilianza kutoka 1913, sasa hiyo 1908 babu kaitoa wapi? Injini ya Uingereza yenyewe isikutishe, wengi wa Australia walikuwa wanaagiza injini, mfano JAP kutoka Tottenham, London, wanaunga fremu wanabandika jina lao. Hao hao Waratah wa Sydney baadaye walichukua pikipiki za Uingereza, Norman na Excelsior, nzima nzima wakabadilisha stika. Waliokuwa wanaumiza kichwa kweli ni kama David Spencer wa Brisbane, injini alijitengenezea, au Whiting wa Melbourne, huyo alifunga springi za bapa mbele na nyuma kama lori. Umeshatoa hela?

Mgosi_Sydney: Kidogo tu.

Spana17: Kidogo ndio shilingapi?

Mgosi_Sydney: Nusu. Na kabla hamjanirukia, ni hela ya upatu, mimi ndio mweka hazina, zamu ya mwezi huu ni ya mama mmoja ana sendofu ya binti yake ila nitairudisha kabla hajaulizia. Ningechelewa angewahi mwingine. Halafu injini si inaweza kuwa ilibadilishwa tu, fremu ikawa ya 1908?

Shehe_Mtulivu: Hiyo ni amana ya watu ndugu yangu. Hata ingekuwa ya 1808.

Mama Wawili: Yaani sendofu ya mtoto wa mwenzio!! Upatu wetu ulivunjwa na mtu hivi hivi, alisema ni cherehani.

Kitenesi: Chai hii. Kajiunga leo, uzi wa kwanza, picha "inagoma". Huyu ndiye muuzaji, anapima bei.

Mgosi_Sydney: Ningekuwa muuzaji ningetaja upatu?

Kitenesi: Ndio sukari yenyewe hiyo.

Shehe_Mtulivu: Mods ufungeni uzi.

Spana17: Asome kwanza namba ya fremu. Chai hainywewi na namba ya fremu.

Duka_la_Vyuma: Mkuu ikishindikana, tenki peke yake unaniachia kwa ngapi? Njoo PM.