Naomba ushauri: nguo na buti za Kilimanjaro, nipate wapi hapa Mwanza mjini?

Mleta uzi
Mwangaluka wakuu. Mimi ni mwalimu wa kike, naishi Nyakato. Desemba napanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini kwa njia ya Marangu, tunataka tarehe 9, siku ya Uhuru, itukute mlimani. Nimekulia kando ya ziwa, baridi ya kweli naisikia kwa watu tu. Nimetenga laki mbili na nusu za mavazi.

Jumamosi nilizunguka mjini tangu asubuhi. Makoroboi kuna majaketi mapya ya kuvutia, ila ukiyashika ni nailoni nyepesi tu. Mlango Mmoja nikapata buti za mtumba, kahawia, soli nene, 45,000. Jioni nikazijaribu kwenye mawe ya nyuma ya nyumba. Hazikumaliza nusu saa, soli ya kulia ikaachama kama mdomo wa sangara, na ndani zikamwagika chembechembe kama makombo ya mkate mkavu. Nimeumia sana, maana nilishajiona nazo kileleni. Na jamani, napenda kupendeza, sitaki kupanda nimevaa ilimradi. Nisaidieni.

Fundi viatu, Igoma
Pole dada. Nakutana nazo kila wiki. Kati ya ngozi na mpira wa chini kuna sponji ya poliyurethani, na hiyo huozeshwa na unyevu hata kama kiatu kilikaa kabatini miaka hakijavaliwa. Ndiyo maana juu kinaonekana kipya. Gundi haisaidii, kilichokufa ni sponji yenyewe. Siku nyingine bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, kisha kunja kiatu kwa nguvu. Ukiona nyufa nyembamba au ukucha unazama usirudi juu, rudisha. Muuzaji akikataa usikunje, mwachie mzigo wake.

Ngozi ikiwa nzima, fundi ang'oe soli yote aweke ya mpira na kuishona pembeni. Utatembelea hapa mjini, ila mlimani usiende nazo.

Dada wa Kirumba
Mdogo wangu, nilipanda 2019. Kilichonitesa ni fulana za pamba wala si buti. Pamba inashika jasho. Ukitembea huhisi kitu, ukisimama kupumzika inakuganda mgongoni. Kambi ya Horombo ni mita 3,720, ya Kibo 4,720, na safari ya kileleni, mita 5,895, inaanza usiku wa manane. Nililia njiani.

Kwa hiyo Mlango Mmoja tafuta fulana za michezo za poliesta na sweta za sufu. Soma kitambaa kwenye lebo ya mshono wa ubavuni, usimsikilize muuzaji. Koti la mvua ligeuze ndani nje: utando ukibanduka kama ngozi iliyoungua jua, au utepe wa mishono umeachia, hilo limekwisha. Jaketi nene la manyoya na begi la kulalia kodi Moshi, usizibebe kutoka huku. Hela itakayobaki iweke kwenye buti.

Kupendeza hakuna anayekukataza! Nilijifunga mtandio wa kitenge shingoni, vumbi halikunisumbua, na picha zangu zote nazipenda mpaka leo.

Mdau wa Buzuruga
Nguo wahi asubuhi, belo likifunguliwa. Buti nenda alasiri, mguu umeshavimba kwa kutembea, na uvae soksi nene utakazopanda nazo. Sukuma vidole mpaka mbele kabla ya kufunga kamba, kidole kimoja kipite nyuma ya kisigino. Kikibana, siku ya kushuka kucha zitageuka nyeusi. Ukitaka mpya na risiti, angalia Rock City Mall, ila bei jiandae.

Mleta uzi
MREJESHO. Asanteni sana wakuu. Nimepata sweta mbili za sufu, moja ya rangi ya zambarau inayonitoa vizuri mno, 16,000 zote. Buti nyingine nimezikunja mbele ya muuzaji jozi nne. Tatu zilipasuka mistari, ya nne ikarudi kama mpira mpya, 60,000. Jumapili nilivuka nazo kisiwani Saanane, nikapanda mawe mpaka mchana, kisigino kizima. Sasa natafuta glavu. Za pikipiki zinafaa, au nazo nikodi Moshi?